Hewa ya Mzamiaji: Wapi Tubane Fedha na Wapi Tusibane

Wasomaji wetu wa pwani wamewaona vijana hawa. Asubuhi wanabeba mitungi mizito mabegani, wanaingia nayo majini mpaka magotini, wanaipakia kwenye boti. Mchana wanarudi, mitungi mitupu. Jioni mashine inanguruma nyuma ya banda mpaka adhana ya magharibi, na kesho ni safari nyingine. Ndivyo ilivyo Nungwi na Matemwe, ndivyo ilivyo Mafia, na ukivuka mpaka ndivyo ilivyo Diani na Watamu. Wageni wanakuja kutazama samaki na matumbawe, na vijana wetu ndio wanaowajazia hewa ya kupumua huko chini.

Tulimwuliza kijana mmoja wa kazi hiyo, "Ndani ya mtungi mna nini?" Akajibu bila kusita, "Oksijeni, bwana." Alikuwa amejaza mitungi miaka minne. Hatukumcheka, maana hata sisi kabla ya kuulizauliza tulidhani hivyo hivyo. Yeye alikuwa amefundishwa mambo mawili tu: swichi ya kuwashia na swichi ya kuzimia.

Makala hii tumeiandika kwa ajili yake na wenzake. Tumeiandika pia kwa kikundi chochote kinachofikiria kununua mashine ya kujaza hewa huku mfuko ukiwa mwepesi. Mfuko mwepesi si kosa. Kosa ni kubana fedha mahali pasipobanwa.

MNA HEWA TU

Ndani ya mtungi wa mzamiaji mna hewa hii hii tunayovuta sasa hivi tukisoma gazeti. Katika kila sehemu 100 za hewa, kiasi cha 78 ni naitrojeni, kiasi cha 21 ni oksijeni, na iliyobaki ni gesi nyingine ndogo ndogo. Mashine inaichukua hewa hiyo na kuishindilia, kama mtu anavyoshindilia pamba kwenye gunia. Mtungi wa lita 12 ukijazwa mpaka geji isome 200 unakuwa umebeba kiasi cha lita 2,400 za hewa ya kawaida. Kwenye geji kipimo hiki kimeandikwa bar. Tairi la gari dogo, kwa kulinganisha, hujazwa kiasi cha 2 tu.

Oksijeni tupu ya hospitali au ya mafundi wa kuchomelea isitiwe kabisa katika mtungi huo. Mtu akipumua oksijeni tupu chini ya meta 6 anaweza kushikwa na degedege akiwa majini, kipumulio kikamtoka mdomoni, akafa maji. Tena oksijeni tupu ikikutana na mafuta ndani ya valvu inaweza kulipuka moto. Basi na tuache kusema "mtungi wa oksijeni". Neno likizoeleka vibaya, siku moja litamfanya mtu aende dukani kununua kitu kibaya.

KADIRI UNAVYOSHUKA, UCHAFU UNAZIDI

Hapa juu tunabebwa na uzito wa hewa iliyo angani, nao ni kipimo 1. Ukishuka baharini, kila meta 10 za maji zinaongeza kipimo kimoja. Kwa hiyo meta 10 ni vipimo 2, meta 20 ni 3, meta 30 ni 4. Ili kifua cha mzamiaji kisibanwe, kipumulio kinampa hewa yenye nguvu sawa na maji yanayomzunguka. Maana yake, pumzi moja ya meta 30 ina hewa mara nne ya pumzi moja ya ufukweni.

Sasa fikirini. Kama hewa ina uchafu kidogo, huko chini uchafu huo nao unaingia kifuani mara nne. Hewa ambayo hapa juu ingemwumiza mtu kichwa kidogo tu, kule inaweza kumwangusha.

Uchafu tunaouogopa kuliko wote ni kaboni monoksidi. Jina ni geni lakini mwenyewe tunamjua. Ndiye anayeua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa wakati wa baridi. Hutoka popote kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha: mkaa, kuni, mafuta ya taa, petroli, dizeli. Haonekani wala hanuki. Moshi wa injini unanuka, ndiyo, lakini kinachonuka sicho kinachoua. Unaweza kuondoa harufu yote na sumu ikabaki pale pale.

Sumu hii hushikana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Chembe ikishashikwa haiwezi tena kubeba oksijeni. Mtu anakosa hewa huku anapumua.

WATAALAMU WENYEWE WALIVYOPONEA CHUPUCHUPU

Pengine msomaji atasema hayo ni mambo ya watu wasiosoma. La. Yaliwapata watu walioanzisha kazi yenyewe.

Mwaka 1943 huko Ufaransa, ofisa wa jeshi la maji Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kipumulio kinachompa mzamiaji hewa pale tu anapovuta. Vipumulio vinavyotumika leo vimetokana na kile. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Agosti 1946, Cousteau na rafiki yake Frédéric Dumas walikwenda kuzamia chemchemi iitwayo Fontaine de Vaucluse, kusini mwa nchi hiyo. Kila mwaka maji ya chemchemi hiyo hufurika, na watu walitaka kujua yanatokea wapi. Ni shimo refu la giza linaloshuka ndani ya mwamba.

Walishuka wawili, wamefungana kwa kamba, na kamba nyingine ikielekea juu kwa mwenzao. Huko chini akili zao zikavurugika. Wakasahau kilichowapeleka. Dumas akazimia. Cousteau akaanza kuparamia kamba akimvuta mwenzake, naye aliyekuwa juu, akihisi kamba inatikisika, kwanza akadhani wanaomba waongezewe kamba, akailegeza. Hebu fikiria: unapanda kamba, na kamba inateremka nawe! Mwishowe yule wa juu akatambua, akawavuta wote wawili wakiwa hai.

Wazamiaji wote wanajua kwamba ukishuka sana naitrojeni inalevya kama pombe. Lakini njiani kurudi nyumbani hawa wakajiuliza: mbona baharini tumefika kina kama hicho na hatujawahi kulewa namna ile? Ndipo wakaipima hewa iliyobaki katika mitungi. Wakakuta kaboni monoksidi sehemu moja katika kila sehemu 2,000. Walipoiwasha mashine yao ya dizeli na kuitazama vizuri, wakaona inavuta moshi wake yenyewe.

Tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo itakayotuonyesha ukubwa wa jambo. Sehemu moja katika 2,000 ni sawa na sehemu 500 katika milioni moja. Kwenye meta 50 nguvu ni vipimo 6, kwa hiyo miili yao ilipata kama vile sehemu 3,000. Kipimo cha juu kinachoruhusiwa Ulaya leo katika hewa ya kupumua ya wazamiaji ni sehemu 5 katika milioni. Marekani, kwa hewa ya kawaida ya wazamiaji, ni 10.

Angalieni, mashine yao haikuwa mbovu. Hakuna kilichovunjika. Mdomo wa kuvutia hewa ulikuwa mahali pasipofaa, basi.

UPEPO UNAGEUKA

Kuuweka mdomo huo mahali panapofaa ni kazi isiyogharimu hata senti tano, nayo inaokoa maisha kuliko kifaa chochote cha bei. Mdomo wa kuvutia hewa uwe juu, upande upepo unakotoka. Eksozi ya injini iwe chini, upande upepo unakokwenda, mbali na mdomo kadiri inavyowezekana.

Hapo watu wengi wanaelewa. Wanalolisahau ni kwamba upepo wetu hauna nyumba moja. Banda lililojengwa vizuri wakati wa kaskazi, mdomo ukatazama kaskazini mashariki, litaanza kuvuta moshi kusi ikiingia. Na hata siku moja ina pepo zake: alfajiri umande unatoka nchi kavu, mchana matlai inatoka baharini. Mtu aliyewasha mashine saa 12 asubuhi, akaenda kunywa chai, anaweza kurudi akakuta mambo yamegeuka. Tulimwona fundi mmoja amefunga utepe wa kitambaa chekundu kwenye mti, pembeni ya mdomo wa mpira. Utepe ukielekea kwenye eksozi anaendelea. Ukielekea upande wake, anazima. Kitambaa hicho alikipata bure kwa fundi cherehani.

Kwenye boti ni hatari zaidi. Boti inayokwenda na upepo wa nyuma inasafiri pamoja na moshi wake. Boti iliyotia nanga inajizungusha. Tungekuwa na uwezo wa kuamua, tungesema mashine ya injini isijaze mitungi kwenye boti ndogo hata siku moja.

Mashine ya umeme ni salama kuliko ya petroli kwa sababu haina eksozi. Tena umeme mara nyingi ni nafuu kuliko mafuta, kwa hiyo hapa usalama na uchumi vinakaa kitanda kimoja. Lakini msijisahau. Umeme unapokatika jirani anawasha jenereta. Pikipiki inasimama kivulini injini ikiunguruma. Mama lishe anakoka jiko. Mtu anachoma taka za makuti. Yote hayo yanaingia katika mdomo ule ule. Mpira wa kuvutia hewa urefushwe ufike mahali pasafi, lakini usiwe mwembamba wala mrefu kupita kile kitabu cha mashine kinachoruhusu, la sivyo mashine inavuta kwa tabu na kupata joto. Usiwe mpira unaonuka pia. Ukiunusa ukakunja uso, ujue mzamiaji naye atakunja wake.

MASHINE NAYO HUTENGENEZA SUMU

Kuna njia ya pili ambayo wengi hawaijui. Hewa ikishindiliwa hupata joto. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anakumbuka jinsi pampu inavyochemka. Mashine ya mitungi hushindilia hewa kwa hatua tatu au nne, ikipoza kila baada ya hatua. Isipopoa vizuri, au ringi za pistoni zikilika na oili ikapenya, oili hiyo huungua pole pole ndani ya mashine yenyewe. Hapo mdomo unaweza kuwa unavuta hewa safi ya baharini na bado kaboni monoksidi ikatoka upande wa pili.

Ndiyo sababu oili ya injini ya gari isitumike. Mashine ya hewa ya kupumua ina oili yake, iliyotengenezwa kuvumilia joto hilo bila kuvunjika. Ni ghali, ndiyo. Lakini hutumika kidogo na hubadilishwa kwa saa zilizoandikwa kitabuni. Ni kichekesho cha kusikitisha kumwona mtu amenunua mashine ya mamilioni halafu anaitilia oili ya lori.

Joto lenyewe tunaweza kulipunguza bila fedha nyingi. Mashine ikae kivulini, chini ya paa la makuti lililo wazi pande zote, feni yake isizibwe na ukuta. Vyumba vidogo vya matofali vyenye mlango mmoja ni tanuri. Mashine ikichoka, ipumzishwe.

MAJI KATIKA HEWA

Hewa ya pwani ina maji mengi. Siku ya joto la 30, meta moja ya ujazo ya hewa yetu inaweza kubeba zaidi ya gramu 20 za mvuke. Ule mtungi wetu wa lita 2,400 unapojazwa, mashine inakuwa imevuta kiasi cha robo kikombe cha maji. Robo kikombe kwa kila mtungi! Maji hayo yakishindiliwa hugeuka matone, yakachanganyika na oili, yakawa uji mweupe. Mashine ina bomba dogo la kuyatolea. Mafundi wengi hulifungua kila baada ya dakika 10 hadi 15 mashine ikiwa inafanya kazi, na mashine nyingine hujifungulia zenyewe. Anayekaa mbali na mashine akipiga soga atasahau, na maji yatakwenda mbele mpaka kwenye chujio.

Na chujio ndilo moyo wa makala hii.

Ndani ya chujio mna tabaka. La kwanza ni chembechembe za kukaushia zinazonyonya unyevu. La pili ni mkaa, lakini si mkaa wa jikoni. Ni mkaa uliotengenezwa kiwandani ukawa na vitundu visivyohesabika, nao hukamata harufu na mvuke wa oili. Katika machujio mengi yanayotumiwa na mashine za injini huongezwa dawa iitwayo hopkalaiti, mchanganyiko wa oksidi za manganizi na shaba. Hiyo huigeuza kaboni monoksidi kuwa hewa ukaa, ambayo kwa kiasi kidogo mwili unaivumilia.

Mkaa peke yake haukamati kaboni monoksidi. Tunarudia, mkaa haukamati. Na hopkalaiti ikilowa inakufa. Kwa hiyo chembe za kukaushia zikishiba maji, mlinzi wa mwisho anakufa naye, na hakuna kengele inayolia. Hewa itaendelea kutoka, geji itapanda kama kawaida, mtungi utajaa.

Chujio linadumu muda gani? Kitabu cha mashine kinataja saa, lakini saa hizo mara nyingi zimepigwa kwa joto la nyuzi 20. Hewa iliyoshiba mvuke, katika nyuzi 20, hubeba gramu 17 za maji kwa kila meta ya ujazo. Katika nyuzi 30 hubeba gramu 30. Katika nyuzi 40 hubeba gramu 51. Yaani hewa ikitoka kwenye mashine ina nyuzi 40, chujio linapokea maji mara tatu. Saa za kitabu zigawanywe kwa tatu. Vitabu vingi vina jedwali la hesabu hii kurasa za nyuma, litafutwe lisomwe. Na hapa ndipo lile paa la makuti linapolipa gharama zake, maana kila nyuzi unazopunguza zinaongeza umri wa chujio unalolinunua kwa fedha yako.

JE, KOMPRESA YA GEREJI?

Swali hili huulizwa sana, tena na watu wenye akili. Kwa nini tusichukue kompresa ya kupigia rangi, tufunge mpira mrefu, mtu ashuke nao meta 5 au 10?

Duniani wako wanaofanya hivyo. Huko Ufilipino wavuvi wamezamia kwa kompresa za namna hiyo miaka mingi, na wengine wamepooza, wengine wamekufa. Kompresa ya gereji imetiwa oili ya kawaida. Tangi lake lina kutu na maji ndani. Injini ya petroli imefungwa ubavuni mwake, eksozi hatua moja kutoka mdomoni. Mpira wake ni wa kiwandani wenye harufu ya kemikali, na ukichomoka au kukunjwa na nanga, mtu aliye chini hana pumzi ya akiba. Hakuna chujio la kumlinda. Kwa matairi, ni mashine nzuri sana.

Tukumbushane pia kwamba kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza kuvua kwa vifaa vya kupumulia chini ya maji. Mwenye nia ya kufuata majongoo bahari au kamba koche kwa njia hiyo hatapata msaada katika makala hii.

FEDHA KIDOGO ITUMIKEJE

Basi kikundi chenye fedha kidogo kifanye nini? Maoni yetu ni haya, na anayebisha atuandikie.

Kwanza, huenda msihitaji mashine. Kama kuna kituo cha kujaza kilicho karibu, kinachotunzwa vizuri, kununua hewa kwa mtungi ni rahisi kuliko kufuga mashine yenu. Mashine ni kama ng'ombe wa maziwa, hula hata siku isiyokamuliwa. Vikundi viwili vitatu vikishirikiana mashine moja, chujio linatumika mpaka mwisho wake badala ya kuzeeka rafuni, na fundi mmoja anafundishwa akafundishika.

Pili, mashine iliyotumika si aibu. Ulizeni saa ilizofanya kazi, ulizeni kitabu chake, ulizeni kama machujio na ringi zake bado zinapatikana nchini. Mashine ya bei poa ambayo chujio lake halipatikani ni chuma chakavu chenye magurudumu. Na kabla ya kulipa, hewa yake ipimwe.

Tatu, chujio linaweza kujazwa upya badala ya kununua jipya zima, kwa zana halisi zilizonunuliwa zikiwa zimefungwa bila kuingia hewa. Huo ni ubanaji halali. Lakini ni kazi ya mtu aliyefundishwa, kwa sababu tabaka zikishindiliwa vibaya hewa hujipenyezea njia pembeni na kupita bila kuguswa. Mafundi wazuri hupima uzito wa chujio kabla na baada. Uzito ulioongezeka unaeleza maji yaliyoingia. Mkaa wa jikoni, pamba, sponji na vitambaa si zana za kujazia chujio.

Nne, nunueni kipimo cha kaboni monoksidi cha wazamiaji. Siku hizi vipo vidogo vya kushika mkononi, na kikundi kinaweza kuchangiana. Kile kifaa cha king'ora cha nyumbani hakitoshi. Vingi vyake havionyeshi kitu mpaka sumu ifike sehemu 30 katika milioni, wakati sisi tunatafuta 5. Kitambuzi chake nacho kinazeeka, kwa hiyo tarehe iangaliwe. Kila mtungi upimwe kabla haujapakiwa. Ni kazi ya dakika moja.

Tano, daftari. Daftari la shule la kurasa 64 linatosha. Andikeni tarehe, saa ya kuwasha na kuzima, idadi ya mitungi, upepo ulikotoka, kipimo cha sumu, na siku chujio na oili vilipobadilishwa. Msomaji aliyehitimu kisomo anaiweza kazi hii kabisa. Kwa kweli tunamwamini kijana mwenye daftari kuliko mwenye mashine mpya asiyeandika.

MTUNGI NAO

Mtungi uliojaa ni bomu lililotulia. Kila mwaka ufunguliwe ukaguliwe ndani, na katika nchi nyingi kila baada ya miaka 5 hupimwa kwa maji yenye nguvu kubwa kuona kama bado unastahimili. Tarehe ya kipimo hupigwa kwa nyundo shingoni. Usiokuwa na tarehe usijazwe, hata kama mwenye mtungi ni shemeji yako. Mitungi ya gesi ya kupikia na ya kuzimia moto haihusiki hapa kabisa.

Mtungi wa chuma uliolala muda mrefu na unyevu ndani una hila nyingine: kutu hula oksijeni. Hewa ikibaki humo miezi mingi, mtu anaweza kupumua hewa iliyopungukiwa bila kujua. Hewa ya zamani imwagwe, mtungi ukaguliwe, ujazwe upya pole pole usipate joto.

MTU AKIZIDIWA

Dalili za kaboni monoksidi ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, mawazo kuvurugika. Wengi hudhani ni mawimbi yanawachafua. Wakati mwingine mzamiaji anajisikia vizuri akiwa chini, kwa sababu nguvu ya maji inasukuma oksijeni zaidi katika majimaji ya damu yake. Anapopanda, msaada ule unaondoka, naye anazimia karibu na juu. Kwa hiyo anayelalamika kichwa chini ya maji asiachwe apande peke yake.

Mtoeni majini, avute hewa safi, na kama kuna oksijeni ya huduma ya kwanza apewe kwa barakoa. Hapo ndipo oksijeni tupu ina kazi. Kwa hewa ya kawaida mwili huchukua kiasi cha saa 4 hadi 5 kuondoa nusu ya sumu. Kwa oksijeni ni kiasi cha saa moja hadi moja na nusu. Apelekwe hospitali hata kama amepata nafuu. Mwambieni daktari, "Alikuwa anazamia, tunashuku hewa ya mtungi." Maneno hayo ni muhimu, kwa sababu kile kidude cha kubana kidoleni kinadanganyika. Kinaona damu nyekundu na kusema oksijeni imejaa, kumbe ni kaboni monoksidi iliyoshika nafasi yake.

Daktari ajue pia mtu alishuka kina gani na alikaa muda gani, maana hewa iliyo safi kabisa bado inaweza kumpoozesha aliyekaa sana chini au aliyepanda haraka. Ugonjwa huo una makala yake, tutauandika siku nyingine.

Mtungi alioutumia ufungwe, uwekwe alama, usimwagwe, ili upimwe. Kisha fungueni daftari mtazame mitungi mingine iliyojazwa siku ile ile, na kama boti imeshaondoka nayo, ipigiwe simu irudi.